Mji wa Magharibi

Mimi nikipata mgeni kutoka nyumbani simwachi akae ndani akitazama ukuta. Namtembeza. Nina ratiba yangu ya utalii wa mkono mtupu, niliyoitunga mwenyewe kwa miaka yote niliyoishi Johannesburg, na siionei haya hata kidogo. Ni sehemu ambazo unaingia bure, unatazama bure, unapiga picha mpaka simu inaomba poo, kisha unarudi nyumbani kula wali. Chai tunabeba kwenye chupa, chapati tunafunga kwenye kitambaa. Mtu akituuzia kitu tunamwambia tutarudi. Wageni wangu wengi wamerudi Tanga wakisimulia kwamba nina maisha mazuri, na mimi sijawahi kuwakanusha.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote nakiita Ulaya. Kiko kaskazini mwa jiji, njia ya kuelekea Midrand, na ukikiona kwa nje ni jengo la maduka tu, maegesho na mabango. Ukiingia ndani unakuta mji. Mji wa kale wa Wataliani, na vichochoro vyake vya mawe, nyumba za rangi ya udongo, madirisha ya mbao, kisima, mnara, na nguo zilizoanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha. Mji wote huo uko chini ya paa moja. Dari imechorwa mbingu, na taa zilizofichwa zinaiangaza ili ionekane jua limezama sasa hivi. Mbele zaidi kuna watu wanacheza kamari, na hilo siwaambii wageni, maana wengi wao ni watu wa swala tano na mimi sitaki maswali.

Mwaka ule, kwenye baridi, alikuja mama mdogo. Ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo kwangu ni mama, hilo neno mdogo ni la heshima tu kwa marehemu. Alikuja kwa basi, nchi baada ya nchi, na alishuka viatu vikiwa mkononi kwa jinsi miguu ilivyovimba. Alisema amekuja kunisalimia. Nilifurahi sana, lakini nilijua kwamba mtu wa umri ule hapandi basi safari ile yote kwa ajili ya salamu.

Ana mtoto mmoja, wa kiume. Mdogo wangu huyo alikuwa anaitaka Ulaya tangu yuko shule, akawa haongei kitu kingine, mpaka mama mdogo akauza shamba la minazi aliloachiwa na mumewe na kumpa mtu aliyesema anaijua njia. Baada ya muda zikaanza kuja picha. Yuko Italia, kazi ameipata, anamshukuru Mungu. Picha zilikwenda kwa mama yake peke yake. Sisi wengine tulifikishiwa salamu. Kisha Ramadhani ya mwaka ule akanyamaza. Hakukuwa na ugomvi wala habari mbaya. Ujumbe wa mama mdogo ulikuwa unaondoka na hausomwi. Mtaani wakaanza kumuuliza habari za mwanawe kwa sauti ile ya chini, ya msibani, na yeye akaacha kwenda kwenye shughuli za watu. Hilo ndilo alilokuja nalo Johannesburg, ingawa siku za mwanzo hakulitaja. Alitaka kujua kama mwanawe yuko hai.

Mimi ningemsaidia nini? Italia naiona kwenye televisheni. Nilichoweza ni kumpikia, kumkanda miguu kwa mafuta ya nazi na kumchekesha.

Naishi Turffontein, chumba na sebule nyuma ya nyumba ya watu, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Siku za mbio sauti ya mtangazaji inaingia mpaka jikoni. Nashona mapazia na sare za shule, na cherehani yangu iko sebuleni, inatazamana na mlango. Mama mdogo alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, amejifunga blanketi, na kila jioni ilipokaribia aliinuka akaanza kazi yake: kufunga madirisha, kuwasha taa, kuangalia kama kuna nguo imesahaulika kambani. Ndivyo alivyotulea. Kwetu magharibi si saa ya kuchezea. Ndiyo saa ambayo wasioonekana wanapita njiani kwenda kwao, na mtoto anayebaki nje wanaweza kumpitia. Tulipokuwa wadogo alisimama mlangoni akatuita: "Ingieni ndani, magharibi hii!" Sote tulikimbia, isipokuwa mdogo wangu, ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kuingia. Na mtu akibisha hodi saa hiyo, tulifundishwa tusiitikie mara ya kwanza wala ya pili. Tungoje ya tatu. Mwanadamu mwenye shida yake atabisha mara tatu. Yule mwingine, alisema mama mdogo, hana subira hiyo.

Jioni moja, baada ya kula, nilimwonyesha kwenye simu picha niliyopiga kule mjini kwa Wataliani mwaka mmoja kabla. Nilikuwa na rafiki zangu wa saluni, tumevaa madera ya rangi moja, tumesimama chini ya mnara na midomo tumeibinua. Nikamtania kwamba kesho nampeleka Ulaya, na ni teksi mbili tu, hizi daladala za huku.

Nilitegemea acheke. Aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka sisi tukatoka nje ya kioo, ikabaki mbingu. Akaniuliza kama mahali pale pako humu humu Johannesburg. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama siku ile tulipiga picha magharibi. Nikacheka, nikamwambia ilikuwa mchana kweupe, mama mdogo, ile ni rangi tu imepakwa. Hakucheka. Alinirudishia simu, akaniambia nimpeleke.

Asubuhi nilimkuta amevaa baibui lake jipya, na mezani kuna mkoba. Ndani ya mkoba kulikuwa na visheti alivyovibeba kutoka Tanga, pakiti ya ubuyu na kikoi cha kiume ambacho hakijafunguliwa. Nikamuuliza vya nani. Akasema mtu haendi ugenini mikono mitupu.

Hapo nikaingiwa na huruma, na kidogo nikakasirika. Nilidhani mzaha wangu ameuchukua ulivyo. Neno Ulaya kwetu ni pana mno. Tunasema viazi vya Ulaya, na viazi vyenyewe vimelimwa Lushoto. Mtu ambaye amevuka mipaka yote ile kwa basi, nikawaza, akiambiwa Ulaya iko mbele kidogo kwa nini asiamini? Nilitaka kumweleza taratibu njiani. Njiani nikakosa pa kuanzia. Barabarani niliponyoosha kidole juu, ishara ya huku ya kusimamisha teksi ya mjini, aliniuliza mbona natoa shahada asubuhi yote hii, na kwa kuwa ametania, nikajiambia yuko sawa.

Nje ya jengo lile jua la baridi lilikuwa jeupe, la kuumiza macho. Tukapita mlango wa vioo, mlinzi akaupekua mkoba, akaunusa ubuyu, akaturuhusu. Hatua chache mbele, mchana ukaisha.

Mama mdogo alisimama. Alitazama juu, akatazama nyuma tulikotoka, akasoma kitu kwa midomo bila sauti. Nilimshika mkono nikaanza maelezo yangu ya siku zote, kwamba huu ni mnara, hiki ni kisima, angalia mawe haya, na sauti yangu mwenyewe niliisikia inasikika vibaya. Mle ndani hakuna joto wala baridi. Hakuna saa ukutani. Kwa mbali mashine za kamari zinalia vijikengele visivyokoma, na chini yake kuna muziki mdogo ambao haujulikani unatoka wapi. Watu wanatembea polepole, wananong'ona, sijui nani aliwaambia wanong'one. Nilitafuta vivuli vyetu chini sikuviona vizuri, kwa sababu taa zinatoka kila upande.

Nilishafika pale mara nyingi na sikuwahi kuogopa. Siku ile nilikuwa natazama kwa macho ya mama mdogo, nikaona mambo niliyoyapita kila mara. Njiwa waliotua kwenye paa ni wa plasta. Madirisha ya juu yana taa zinazowaka na hakuna anayepita nyuma yake. Mimi ni fundi cherehani, mapazia nayajua: yale ya madirishani hayana bitana, yameshonwa upande mmoja tu, yatazamwe na watu wa nje, kwa sababu ndani hakuna mtu. Na nguo kwenye kamba hazikubanwa kwa vibanio. Zimeshonewa kwenye kamba yenyewe kwa uzi wa nailoni, na mabegani zina vumbi jeupe.

Ghafla kwenye mkoba simu ya mama mdogo ikaadhini. Ni ile programu niliyomwekea mimi mwenyewe, ili asipotewe na nyakati ugenini. Ilikuwa adhuhuri. Sauti ya mwadhini ikatoka ndani ya mkoba, ikapanda kwenye kuta zile za rangi ya udongo, na juu yetu mawingu yalikuwa mekundu pembeni. Watu wawili watatu wakageuka. Nilimwambia kuna mahali tunaweza kutafuta tukaswali. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kuswali adhuhuri chini ya magharibi. Kisha akatazama kile kichochoro chote, mbele na nyuma, akasema polepole, "Hapa wanapita, lakini hawafiki kwao."

Nilidhani anawasema wale wasioonekana. Nilitaka tutoke. Nilimwambia miguu inaniuma, chai itapoa, tukanywe nje kwenye jua. Nadhani hakunisikia. Alikuwa ameishika simu mkononi na anatembea mbele yangu, yeye ambaye tangu afike alikuwa anatembea nyuma yangu, na kwenye kila pembe anasimama, anatazama simu, anatazama ukuta, anaenda. Nikamfuata nikinung'unika. Tukapita kisima. Tukapanda ngazi fupi. Tukaingia kichochoro ambacho mwisho wake umezibwa kwa ukuta uliochorwa kichochoro kingine.

Akasimama mbele ya mlango wa kijani wenye pete ya chuma. Chini yake kulikuwa na kizingiti cha jiwe. Juu yake kamba, na kwenye kamba shati la miraba lililokunjika mkono mmoja.

"Hodi," akasema.

Aibu ikanishika. Kulikuwa na wanandoa wanapiga picha karibu yetu, wakatutazama. Nikamnong'oneza kwamba ule ni mlango wa mapambo, haufunguki. Akanipa simu nishike, akarekebisha ushungi, akasema tena, "Hodi."

Nikaitazama simu. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti kile kile. Mlango wa kijani nyuma yake, pete ya chuma karibu na sikio lake, na juu ya kichwa chake shati la miraba limekunjika mkono mmoja. Nilisukuma kwa kidole. Picha nyingine, amesimama, amevaa koti. Shati liko vile vile. Nyingine, amekonda, amefuga ndevu. Shati, mkunjo, na wingu lenye ukingo mwekundu pale pale lilipo. Miaka ilikuwa imepita kwenye uso wake na hakuna kingine kilichosogea. Nilijishika kwenye ukuta, na ukuta ukatoa mlio wa kitu kitupu ndani.

Ndipo mama mdogo akaniambia. Hakugeuka, aliongea na mlango.

"Nilimuuliza swali moja tu. Nilimwambia, mwanangu, mbona huko kwako kila siku ni magharibi? Hajanijibu mpaka leo."

Kumbe alikuwa ameliona zamani. Mtu anayepanga maisha yake kwa jua hawezi kudanganywa kwa jua. Kila picha ilipofika alitazama kwanza kama mwanawe ana afya, kisha akatazama ni saa ngapi, apate kujua kama ameshaswali, na kila mara ilikuwa saa ile ile. Alianza kuogopa kwamba mahali alipo mtoto wake si mahali pa watu. Aliliuliza swali lile kwa hofu ya mama, na mdogo wangu akalisikia kama mtu aliyekamatwa. Jana yake, alipoikuta mbingu ile kwenye simu yangu, alielewa kwamba wasioonekana hawamo katika jambo hili. Nilikuwa namhurumia bure. Ulaya yake aliijua iko wapi kabla sijafunga chapati.

Akavuta pumzi, akabisha mara ya tatu. "Hodi."

"Karibu," ikasema sauti ya mwanamume, ndani ya ukuta.

Nilipiga kelele, sioni haya kusema. Mama mdogo hakutikisika. Ukuta pembeni ya mlango, pale palipochorwa mzabibu, ulifunguka wenyewe, na akatoka mtu wa makamo mwenye ovaroli ya bluu na ndoo ya magurudumu. Nyuma yake niliona ukumbi mrefu wa saruji, mabomba, na taa ya kawaida, nyeupe.

"Karibu, mama," akarudia, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. "Ila apa akuna nyumba. Ni ukuta tu banapaka rangi."

Aliomba radhi kwa kututisha. Alisema ana miaka anafanya usafi humo na hajawahi kusikia mtu anabisha hodi. Alipoisikia, mdomo ukaitika kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Nilimwamkia. Mama mdogo akaichukua simu mkononi mwangu, akamwonyesha picha. Yule baba alifuta mikono kwenye ovaroli, akaipokea, akaitazama, na uso wake ukabadilika.

"Huyu njo alikuwa anawasha hii jua," akasema.

Akatueleza, na mama mdogo alikuwa anamtazama midomoni. Kijana huyo walifanya kazi pamoja. Alikuwa na wale mafundi wa taa wanaopanda juu ya dari, kwenye vidaraja vya chuma, kubadilisha balbu zinazoungua na kuzifuta vumbi. Siku nzima alikuwa nyuma ya mbingu. Akipumzika alishuka, akavua ovaroli, akavaa shati lake zuri, akamwomba yule baba ampige picha. Alisema ni za mama. Yule mtu aliyedai kuijua njia ya Ulaya alikuwa amemfikisha Johannesburg na kumwacha. Mkataba wa taa uliisha karibu na Ramadhani, hakuajiriwa tena. Mara ya mwisho yule baba alimwona Hillbrow, kabla baridi haijaanza, akilinda mlango wa jengo la maghorofa. Alikuwa mzima. Walisalimiana tu.

"Yu hai," mama mdogo akasema. Akakaa kwenye kizingiti, pale pale mwanawe alipokuwa anakaa, akajifunika uso kwa ushungi akalia.

Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira. Kila Idi napika pilau, nagawa kwa Warundi na Wakongo ambao hata majina yao siyajui, na mdogo wangu tuliyelelewa nyumba moja yuko jiji hili hili, anabadilisha balbu za jua la uongo. Nilimuuliza yule baba mafundi wanapitia wapi. Alinyoosha mkono juu ya mnara, akanionyesha mraba mdogo kwenye mbingu, kifuniko, ambacho usipoonyeshwa hukioni. Wanakifungua, alisema, wakitaka kutazama chini kama mwanga uko sawa.

Nikaitoa simu yangu. Nikaifungua picha yetu ya madera na kuikuza kama alivyoikuza mama mdogo usiku ule. Juu ya vichwa vyetu, pembeni ya wingu, ule mraba ulikuwa wazi, mweusi. Tulikuwa tunacheka, tunaitana majina kwa sauti, na mimi na lafudhi yangu ya Tanga ambayo haijanitoka. Kama kulikuwa na mtu pale juu alinisikia. Mpaka leo picha ile siitazami.

Mama mdogo alipomaliza kulia alifuta uso, akauliza kama anaweza kuacha mkoba pale kizingitini. Yule baba akasema hapana, walinzi watauchukua. Basi akampa visheti na ubuyu, akamwambia ale na watoto wake. Kikoi akakirudisha mkobani. Yule baba akaandika namba yangu, akauliza nakaa mtaa gani, akasema ana jamaa zake Hillbrow, atauliza. Akatuaga, akaingia ukutani, na mzabibu ukajifunga.

Kisha mama mdogo akaniomba nimpige picha. Alisimama mbele ya mlango wa kijani, mikono ameishusha, uso ameukaza kama wanavyofanya watu wa umri wake mbele ya kamera. Tukaituma kwa ile namba isiyojibu. Akabonyeza kitufe cha sauti, akasogeza simu mdomoni.

"Mwanangu, nimefika Ulaya. Nimebisha kwako sikukukuta. Niko kwa dada yako, Turffontein. Na sina swali lingine."

Tulipotoka nje jua lilikuwa bado la mchana, jeupe vile vile, nikashangaa kuliona. Tulikunywa chai kwenye ukingo wa maegesho. Ilikuwa imepoa, tukainywa hivyo hivyo.

Siku zikapita. Ujumbe ulibaki na alama moja ya kijivu. Yule baba wa Lubumbashi alinipigia akasema jamaa zake wamefikisha salamu na anwani yetu kwa watu wanaomjua, zaidi ya hapo hajui. Mama mdogo akaacha kufunga mlango jioni. Yeye ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuacha mlango wazi magharibi, sasa saa hiyo ndiyo aliyoufungua, akaketi kwenye kiti changu cha kushonea akitazama geti. Tuligombana. Nilimwambia hapa si Tanga, hapa mtu anafunga makomeo mawili na bado halali vizuri, na baridi yote inaingia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimletee blanketi lingine.

Jioni moja alama za ujumbe zikageuka buluu. Ameusoma. Tulikaa na simu katikati yetu mpaka chakula kikapoa, na hakuandika kitu. Kesho yake pia hakuandika. Nikamkatia mama mdogo tiketi ya kurudi, maana ruhusa yake ya kukaa ilikuwa inaisha, na nilipomkabidhi hakunitazama.

Siku ya kuamkia safari umeme ulikatika mtaa mzima. Magharibi ikaingia na hakukuwa na taa ya kuwasha. Nilikuwa nafunga sanduku lake, kile kikoi nakipapasa gizani nikikiweka juu kabisa. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida yake ya siku zile. Uwanja wa mbio ulikuwa kimya. Nje rangi ilikuwa ile ile, nyekundu pembeni ya mawingu, na nikaogopa, mtu mzima mimi, nikajikuta nasubiri iondoke, nione kama huku nako imekwama.

"Hodi," mtu akasema getini.

Sauti ilikuwa ya chini, ya kiume, sikuitambua. Hofu yote ya utoto ikanirudia kwa mara moja. Nilimshika mama mdogo mkono, nikambana, asubiri. Ya pili. Ya tatu. Yeye ndiye aliyetufundisha.

"Karibu," akaitika, palepale.

Tulisikiliza. Hodi ya pili haikuja, na mimi nikajua nani asiyekuwa na subira hiyo, nikataka kuukimbilia mlango niufunge. Mama mdogo aliutoa mkono wangu, akainuka, akaenda kusimama mlangoni na blanketi lake begani. Akaita, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa msichana mdogo.

"Ingia ndani, magharibi hii!"

Geti likalia. Akaja kwenye ile njia ya saruji amevaa koti la ulinzi, kichwa ameinamisha, anatembea polepole, wa mwisho kuingia, kama siku zote.